Masisi na Walikale: Waganga wa viungo wafundishwe kutambua mgonjwa aliyekamatwa na dawa za maumivu

Katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, mtu aliyevunjika mguu kwa risasi, kwa kuanguka na pikipiki ama kwa kuporomokewa na udongo mgodini anaweza kuonana na mganga mpasuaji mara moja ama mara mbili tu. Lakini mganga wa viungo, yule ambaye wengi wanamuita kine, anaonana naye kila juma kwa miezi. Ndiye anayemfundisha kukanyaga tena chini, kukunja goti na kutembea na magongo. Ndiye pia wa kwanza anayeweza kuona kwamba mguu umepona lakini vidonge vya maumivu havitoki mfukoni.

Vidonge hivyo mara nyingi ni tramadoli. Ni dawa halali, inasaidia, na upasuaji hauwezi kufanyika vizuri bila dawa za kutuliza maumivu makali. Lakini ni dawa ya ukoo wa afyuni, zile ambazo waganga wanaita opioidi, na mwili unaweza kuizoea hadi ukashindwa kuiacha. Katika inchi nyingine waganga wa viungo wameanza kufundishwa namna ya kutambua hali hiyo na kuishughulikia. Mafunzo hayo hayahitaji mashine wala jengo jipya, na Masisi na Walikale ni kati ya sehemu ambazo zingeyafaidi sana.

Eneo lenye maumivu mengi

Sababu za maumivu hazikosekani huku. Kwanza ni vita. Kati ya mwisho wa mwezi wa nne na mwanzo wa mwezi wa tano 2024, mji wa Rubaya uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwezi wa kwanza 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, na mwezi wa tatu mwaka huo huo M23 wakaingia Walikale-centre, kabla ya kuondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kila mara majeruhi walikuwa raia na wapiganaji wa pande zote.

Pili ni kazi zenyewe. Rubaya ni mahali ambapo, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, inatoka kama asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima, na sehemu kubwa inachimbwa kwa mikono, kwa sururu na beleshi, kwenye milima ambayo udongo wake unaporomoka wakati wa mvua. Kule Walikale, kabla ya mgodi wa kisasa wa Bisie kuanza kazi mwaka 2019, wabebaji walitoa kasiterite porini kwa mgongo, mizigo ya kama kilo 50, wakitembea karibu siku mbili hadi barabarani. Wengi wao wangali hai leo na migongo hiyo hiyo. Kuna pia vijana wanaosukuma chukudu zilizojaa makala na viazi kutoka milima ya Masisi kuelekea Sake, mamotari wanaoanguka kwenye matope, na akina mama wanaobeba kuni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso.

Aliyeumia vibaya anaweza kupata bahati ya kufika hospitali kuu ya Masisi, ambayo shirika la MSF linaisaidia tangu mwaka 2007, ama kusafirishwa hadi Goma, kwenye hospitali ya CBCA Ndosho ambako waganga wapasuaji wa CICR wanatibu majeruhi wa vita. Huko mazoezi ya viungo yanaanza mapema, mgonjwa akiwa bado kitandani. Aliyekatwa mguu ama mkono anaweza kutumwa kwenye kituo cha Shirika la Umoja, mjini Goma, ambako wanatengeneza miguu na mikono ya bandia.

Kisha anarudi nyumbani, na hapo ndipo hatari inaanza. Nyumbani ni Nyabiondo, Katoyi, Pinga ama Kibua. Walikale peke yake ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23 000, na sehemu nyingi za wilaya hiyo haziingiwi na gari. Barabara ikifungwa kwa mapigano, miadi ya hospitali inapita. Maumivu yanabaki, na dawa iliyo karibu ni ile inayouzwa sokoni, kwenye duka la dawa ambalo halimuulizi mtu karatasi ya mganga.

Dawa inavyosaidia, na pale inapogeuka

Tramadoli ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, ikitengenezwa na kampuni ya Grünenthal. Iko katika ukoo mmoja na morfini, kodeini na fentanili, ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko ya morfini. Dawa hizi zinashika kwenye ubongo na uti wa mgongo, pale ambapo habari ya maumivu inapita, na kuifanya isisikike sana. Tramadoli inagusa pia mambo mengine ya ubongo, ndiyo maana mtu akiizidisha anaweza kupata degedege, hata kama hajawahi kuugua kifafa.

Kwa mtu mzima, mganga kwa kawaida anaandika miligramu 50 hadi 100 kwa mara moja, na jumla isipite miligramu 400 kwa siku nzima. Ni dawa ya siku chache, wakati maumivu bado ni makali. Shida inaanza siku zinapoongezeka.

Tuseme ni kijana mchimbaji aliyevunjika paja, akafungwa vyuma na akapewa vidonge. Juma la kwanza, kidonge kimoja kinamtuliza. Baada ya majuma kadhaa mwili umeshazoea, na kimoja hakitoshi tena. Anaongeza cha pili, kisha cha tatu. Siku anayokosa, usiku halali, anatoka jasho, tumbo linamkata, mafua yanamtiririka, mifupa yote inauma. Anasema moyoni mwake: kidonda kimerudi. Ananunua vingine, anapata nafuu, na anaamini kwamba kweli ulikuwa mguu.

Lakini haukuwa mguu. Ni mwili unaodai dawa. Hali hii ndiyo inadanganya wagonjwa wengi na familia zao, kwa sababu dalili za kukosa dawa zinafanana na ugonjwa uliomfanya mtu aanze kuitumia. Si tabia mbaya na si ukosefu wa imani. Inaweza kumpata baba wa familia, mama mjamzito, mwalimu, mpiganaji, mtu yeyote aliyeanza na karatasi halali ya hospitali.

Wengine wanaanza bila hata kuumia. Dawa hii inapunguza uchovu na woga, na inampa mtu kujisikia na nguvu. Anayebeba mzigo siku nzima ama anayelala porini na bunduki anaweza kuimeza ili amalize siku. Mtu huyo naye siku moja ataumia, na atafika mbele ya mganga wa viungo akiwa ameshazoea dawa kabla ya upasuaji.

Kwa nini kine ndiye anaona kwanza

Mganga wa viungo ana kitu ambacho wengine hawana: anapima. Anajua goti lilikunjwa kiasi gani juma lililopita na linakunjwa kiasi gani leo. Anajua mgonjwa alitembea hatua ngapi, kama anaweza kupanda ngazi, kama anaweza kuchuchumaa. Anagusa misuli na kusikia kama imekaza.

Kwa mgonjwa anayepona vizuri, mambo mawili yanakwenda pamoja: mwendo unaongezeka, na vidonge vinapungua. Mwendo ukiongezeka huku vidonge navyo vinaongezeka, kuna swali la kuuliza. Mwendo ukikwama kabisa na vidonge vikiongezeka, swali ni kubwa zaidi, kwa sababu inaweza kuwa mfupa umeoza kwa ndani ama vyuma vimelegea, na maumivu ni ya kweli. Kine aliyefundishwa anajua kutenganisha visa hivi viwili. Asiyefundishwa anaweza kumuita mwizi mgonjwa ambaye mfupa wake unaoza, ama kumsifu kwa ujasiri mtu ambaye anaelekea kubaya.

Sababu ya pili ni muda. Kikao cha mazoezi kinaweza kuchukua nusu saa ama zaidi, na mgonjwa anaongea. Anasema alivyolala, kazi iliyompotea, mke aliyerudi kwao, deni la duka la dawa. Mambo haya hayasemwi wakati mganga anapita kitanda kwa kitanda asubuhi.

Funzo kutoka mbali

Marekani ndiyo ilipata hasara kubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1990 waganga wa kule waliandika dawa za opioidi kwa wingi, hata kwa maumivu ya kawaida ya mgongo. Watu wakazizoea, wengine wakahamia heroini na baadaye fentanili ya magendo. Mwaka 2021, na tena 2022, zaidi ya watu 100 000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, na wengi wa hao kwa opioidi.

Mwaka 2016, CDC, ambayo ni taasisi ya serikali ya Marekani inayopambana na magonjwa, iliwashauri waganga kwamba kwa maumivu ya muda mrefu waanze na njia zisizo za opioidi, mazoezi yakiwemo. Mwaka huo huo chama cha waganga wa viungo wa Marekani kilianza kampeni ya kuwaambia wagonjwa kwamba mazoezi ni njia mojawapo ya kupambana na maumivu. Mwaka 2017 CDC ilionyesha kwamba kadiri karatasi ya kwanza ya dawa inavyokuwa na siku nyingi, ndivyo hatari ya mtu kubaki kwenye dawa hiyo kwa muda mrefu inavyopanda. Tangu wakati huo, suala la kumtambua mgonjwa aliyezoea dawa limeingia katika masomo ya waganga wa viungo.

Afrika nayo haikubaki nyuma kwa shida. Magharibi mwa bara, vidonge vya tramadoli vya miligramu 225 na hata 250 vilijaa masoko, nguvu ambayo hospitali haziandiki kwa kidonge kimoja cha kawaida. Mwaka 2018 India iliiweka tramadoli chini ya sheria ya dawa za kulevya. Wafanyabiashara wengine wakageukia dawa nyingine: mwanzoni mwa 2025 uchunguzi wa BBC ulionyesha kampuni moja ya Mumbai ikipeleka Afrika Magharibi vidonge vya tapentadoli vilivyochanganywa na dawa ya kulegeza misuli, na India ikakataza vitu hivyo kutoka inchini mwake. Ukifunga mlango mmoja, biashara inatafuta dirisha. Ndiyo sababu kazi haiwezi kuachiwa polisi na forodha peke yao. Inahitaji pia mtu anayekaa karibu na mgonjwa.

Mafunzo yanafundisha nini

Somo la kwanza ni kuuliza bila kuhukumu. Kine haanzi kwa kusema: wewe unakula dawa? Anauliza kama anavyouliza habari za mguu: "Papa, vidonge vya maumivu unakunywa vingapi kwa siku? Cha mwisho ulikunywa saa ngapi? Ukikosa siku moja, mwili unakuwa namna gani? Mama, hivi vya leo umepewa hospitali ama umenunua?" Anauliza pia kuhusu pombe kali na dawa za usingizi, kwa sababu mchanganyiko huo ndio unaoua haraka. Maswali haya yanaulizwa kwa kila mgonjwa, ili pasiwe na anayejisikia amelengwa.

Somo la pili ni kutambua dalili. Kidonge kinaisha kabla ya siku zake. Mgonjwa anasema dawa imepotea ama imeibiwa, na inatokea tena. Anasinzia katikati ya mazoezi, mboni za macho zimekuwa ndogo, ama kinyume chake anatetemeka, anatoka jasho na mboni zimepanuka. Anakosa vikao, kisha anakuja siku ambayo kuna mganga wa kuandika dawa. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Nyingi zikikutana, ni lazima kuongea.

Somo la tatu ni lile ambalo kine hapaswi kufanya. Hapaswi kumnyang'anya mgonjwa vidonge ama kumwambia aache leo leo. Aliyemeza opioidi kwa miezi akikatishwa ghafla anaugua vibaya, na mara nyingi anarudi kwa muuzaji wa sokoni akiwa na hasira. Kupunguza kunafanywa kidogo kidogo, kwa majuma, chini ya mganga ama muuguzi mwenye ujuzi. Hapaswi pia kupeleka siri ya mgonjwa kwa mkuu wa kijiji, kwa kamanda ama kwa jirani. Katika eneo lenye watu wa silaha, neno moja likitoka nje ya chumba linaweza kumponza mgonjwa na hata kine mwenyewe.

Somo la nne ni hatari ya kifo. Aliyezidisha opioidi analala kama gogo, haitiki ukimtikisa, anapumua polepole sana ama kwa kukoroma, midomo inabadilika rangi. Huyo anahitaji msaada palepale: kumsaidia kupumua kama unajua namna, kumlaza kwa ubavu kama bado anapumua ili asisongwe na matapishi, na kumkimbiza kwenye kituo cha afya. Kuna dawa inayoitwa naloksoni ambayo inaondoa nguvu ya opioidi mwilini, na mwaka 2014 shirika la afya duniani, OMS, lilishauri kwamba hata watu wasio waganga, ambao wanaweza kukuta mtu katika hali hiyo, wafundishwe kuitumia na waweze kuipata. Kwa tramadoli ni lazima muuguzi awe macho zaidi kwa sababu ya degedege.

Somo la tano ni kutuma mgonjwa mahali panapofaa: kwa mganga aliyeandika dawa, kwa muuguzi wa kituo cha afya, kwa wahudumu wa afya ya akili pale walipo. Na kine anaendelea na mazoezi. Mgonjwa akifukuzwa kwenye mazoezi kwa sababu amezoea dawa, amebakiwa na dawa peke yake.

Mikono ya kine nayo ni dawa

Hakuna anayekubali kuacha kidonge kama hapewi kitu kingine. Hapa mganga wa viungo ana mengi ya kutoa. Mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo yanafundisha ubongo kwamba kusogeza mguu si hatari. Kumueleza mgonjwa kwamba maumivu baada ya miezi sita hayamaanishi kila mara kwamba kuna kitu kinachovunjika ndani kunapunguza woga, na woga ukipungua maumivu nayo yanashuka. Kumfundisha mbebaji namna ya kuinua mzigo, na msukuma chukudu namna ya kugawa safari, kunaokoa mgongo kuliko kidonge cha asubuhi.

Kwa waliokatwa mguu ama mkono kuna shida ya pekee: kusikia maumivu kwenye kiungo ambacho hakipo tena. Wengine wanaogopa kusema, wakidhani wamerogwa ama wamechanganyikiwa. Ni hali inayojulikana, na opioidi mara nyingi haiimalizi. Tangu miaka ya 1990 kuna njia ya kioo: mgonjwa anaweka kioo kati ya miguu, anatazama sura ya mguu mzima ndani ya kioo na kuusogeza, na ubongo unaona kana kwamba mguu uliokatwa unasogea bila kuuma. Si wote wanaopata nafuu, lakini wapo wanaopata, na kioo kinapatikana kwenye soko lolote la Masisi.

Hofu isiwanyime wagonjwa dawa

Kuna hatari upande wa pili, na huku kwetu ni kubwa. Mwaka 2017 jopo la wataalamu walioandika katika jarida la The Lancet lilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi zilizogawiwa duniani kwa mwaka, zikihesabiwa kwa kipimo cha morfini, inchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Maana yake wagonjwa wengi wa Kongo, wenye saratani, waliochomwa na moto, waliopigwa risasi, wanateseka bila dawa ambayo ingewatuliza.

Kwa hiyo mafunzo mabaya yanaweza kuleta madhara. Muuguzi akitoka kwenye semina akiwa na woga tu, atamnyima tramadoli mtu aliyetoka kupasuliwa jana. Huyo mtu atatuma mdogo wake sokoni, na atapata kidonge asichojua nguvu yake wala tarehe yake ya kuharibika. Kumnyima mtu dawa siku anayoihitaji ni njia mojawapo ya kumsukuma kwenye matumizi mabaya.

Uganda, jirani yetu, imeonyesha kwamba inawezekana kutoa dawa kali kwa utaratibu. Tangu mwaka 1993, shirika la Hospice Africa Uganda lililoanzishwa na mganga Anne Merriman limekuwa likitumia morfini ya maji ya kunywa kwa wagonjwa mahututi hadi vijijini. Mwaka 2004 sheria ya inchi hiyo iliruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika morfini, kwa sababu waganga hawatoshi. Kinacholinda wagonjwa ni ujuzi wa anayeandika, daftari linaloonyesha nani amepewa nini, na mtu wa kumfuata mgonjwa nyumbani.

Namna ya kuanza Masisi na Walikale

Kizuizi cha kwanza kinajulikana: waganga wa viungo ni wachache. OMS inasema kwamba katika inchi nyingi zenye mapato madogo na ya kati, wataalamu wa kurudisha mwili katika uwezo wake hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mwaka 2017 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuendeleza huduma hiyo hadi mwaka 2030, na mwezi wa tano 2023 mkutano mkuu wa afya duniani ulipitisha azimio la kuiingiza ndani ya huduma za kawaida za afya. Azimio hilo bado linangoja kufika kwenye vituo vya afya vya milimani na porini.

Lakini uchache huo huo ndio unaofanya mafunzo yawe rahisi kupanga. Masisi ina zone za afya za Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Walikale ina zone za Walikale, Itebero, Kibua na Pinga. Kwa kila zone, kuketisha pamoja kine aliyepo, wauguzi wa chumba cha vidonda, mwenye kugawa dawa hospitalini na mhudumu wa afya ya akili, kwa siku mbili ama tatu, ni jambo linaloweza kuongezwa kwenye mafunzo ambayo mashirika yanafanya tayari. Pale ambapo hakuna kine, muuguzi anayebadilisha bende ndiye achukue nafasi hiyo, kwa kuwa naye anamuona mgonjwa mara kwa mara.

Baada ya mafunzo, vitu vitatu vya karatasi vinatosha kuanza. Kwanza, kwenye fishi ya mazoezi, mstari mmoja wa idadi ya vidonge vya maumivu alivyokunywa mgonjwa juma hilo, ulioandikwa chini ya vipimo vya mwendo. Pili, kwenye karatasi ya kutoka hospitali, tarehe ambayo dawa ya maumivu inapaswa kuisha, iliyoandikwa wazi na kuelezwa kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga ama lugha anayoielewa mgonjwa. Tatu, jina la kituo cha afya kilicho karibu na kwake ambako atarudi kama maumivu yatabaki. Hili la tatu ni la lazima zaidi kwa mtu wa Pinga ama Katoyi, ambaye hajui kama barabara itakuwa wazi mwezi ujao.

Upande wa maduka ya dawa, kazi ni ya wakuu wa zone za afya pamoja na ACOREP, ile mamlaka ya serikali inayosimamia dawa inchini. Katika maeneo ambayo serikali haifiki, angalau wenye maduka wenyewe wanaweza kuitwa kwenye mafunzo hayo hayo. Wengi hawajui wanachouza kina nguvu gani, na mteja anayekufa kwa degedege dukani si faida kwa yeyote.

Kwa mgonjwa na familia yake

Kwa msomaji ambaye ana vidonge hivi nyumbani, haya ndiyo ya kushika. Kunywa kiasi kilichoandikwa, usiongeze mwenyewe. Usichanganye na pombe kali wala dawa ya usingizi. Usimgawie jirani, na usimpe mtoto hata nusu: tangu 2017 Marekani imekataza tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12. Vidonge vilivyobaki virudishwe hospitali ama kituo cha afya.

Kama umeshakunywa kwa miezi na ukikosa unaugua, usiache ghafla na usijifiche. Mwambie kine wako, ama muuguzi, idadi ya kweli. Akijua ni vidonge vinane kwa siku, wanaweza kupanga na mganga namna ya kushuka hadi saba, kisha sita. Ukimwambia ni viwili, mpango wote utakuwa wa uongo na utakaougua ni wewe.

Na kama ni ndugu yako, baba yako ama mume wako, usimtangaze kwenye mtaa. Mpeleke kwenye mazoezi, kaa naye, na hesabuni vidonge pamoja kila jioni. Kule Masisi na Walikale, ambako mganga yuko mbali na duka la dawa liko karibu, familia inayohesabu vidonge na kine anayejua kuuliza wanaweza kumrudisha mtu shambani ama kazini akiwa na mguu wake na akili yake.